Konzi Moja ya Ngano

3 Februari

Mdogo wangu,

Mama amepanda basi leo asubuhi, kwa hiyo barua hii inafika ikiwa mkononi mwake. Naandika kwa sababu simu yako haisikiki tangu uiangushe kwenye pipa la unga, na kwa sababu nikikueleza kwa mdomo utanikatiza kwa mzaha kabla sijafika kituo cha kwanza.

Kwenye begi la kijani kuna mifuko miwili. Mmoja una nafaka inayoitwa tefu, mwingine unga wake. Usidharau udogo wa punje. Huyu mtaalamu wa lishe wa hapa hospitalini, ambaye koti lake nalifua mimi kila Alhamisi, amesema kwa umri wa Mama tefu ndicho chakula kinachofaa: chepesi tumboni, na kinaongeza damu. Ngano aipumzishe. Inamlalia.

Asubuhi uji: kikombe kimoja cha punje, vitatu vya maji, moto mdogo, dakika ishirini, usiache kukoroga. Mchana ipike kama wali mlaini, umwekee na maharage na mboga za majani. Jioni chochote chepesi. Nitakuwa natuma mifuko kila mwezi kwa basi.

Najua wewe ni mwokaji na hupendi kufundishwa jiko na dobi. Safari hii nisikilize.

Dada yako


9 Februari

Binti yangu,

Nimefika salama, magoti tu ndiyo yanalalamika. Nakuandikia mdogo wako akiwa dukani.

Umeniahidi, na mimi nakukumbusha ahadi. Usimwambie alichosema daktari. Mwache adhani ni mambo ya uzee. Baba yenu alikula mkate wa tanuri lile miaka yote, nami nikala naye, na huyu ameachiwa tanuri kama wengine wanavyoachiwa shamba. Akisikia kwamba mkate ndio umenikausha tumbo, atafunga duka siku hiyohiyo. Wewe unamwona anavyocheka mbele ya watu. Hujamsikia akijifungia chooni na kufungua bomba ili asisikike.

Tefu nitakula. Kama anaipika vibaya, nitakula vibaya.

Mama yako


20 Februari

Dada mpendwa, mkuu wa mashuka na mlezi wa matumbo ya watu,

Tefu yako imefika na imenitia adabu. Naomba nitoe ripoti.

Siku ya kwanza niliiosha. Mwokaji mzima, miaka ishirini na sita kazini, nikachukua chekecheke ninalochekechea unga, nikamimina punje zako, nikafungua maji. Dada, zile si punje, ni vumbi lenye jina! Nilipoinua chekecheke lilikuwa tupu kama mfuko wangu wa shule. Kama bomba la maji machafu lina mishipa, leo lina damu nyingi kuliko mimi. Tangu siku hiyo naziosha kwenye kitambaa.

Siku ya pili uji ulishika chini, kwa sababu mteja aliingia na mimi, unanijua, mdomo hauna breki. Siku ya tatu nilijaribu mkate. Usigombe. Mkono una mazoea yake. Ulitoka bapa, mweusi, mzito, na ulipopoa ulipasuka wenyewe bila kuguswa. Mwalimu mstaafu, yule mteja wangu wa kila asubuhi, aliuliza kama ninauza na matofali. Nikamwambia ninauza, ila kwa wanaojenga tu.

Mama alikula kipande. Alitafuna, akatafuna, akasema, "Una ladha ya udongo wa mvua." Nikauliza ni sifa au ni lawama. Akasema, "Nipe maji kwanza."

Nitaishinda hii nafaka, Dada. Aliyekuwa mke wangu alisema nimeoa tanuri, na mume hashindwi nyumbani kwake.

Mdogo wako, fundi aliyeaibishwa na vumbi


2 Machi

Mdogo wangu,

Nimecheka, halafu nikakasirika. Nani amekuambia uoke? Nilisema uji na nilisema mchana kama wali. Tefu haishikani kama ngano, haina ule unato. Acha kushindana nayo.

Fanya hivi. Kaanga punje kavu kwenye kikaango mpaka zinukie kama karanga, ndipo utie maji. Zitaiva zikiwa zimeachana. Kaangia kitunguu na karoti, changanya. Supu ya dengu ikiwa nyepesi, tupia vijiko viwili vya tefu, itakuwa nzito bila unga mwingine. Uji uliobaki ukiganda, ukate vipande, ukaange kwa mafuta kidogo. Mama aliupenda hivyo alipokuwa kwangu.

Na utafute sufuria yake peke yake. Na mwiko wake. Usiulize kwa nini, tafuta tu.

Anakula vizuri? Analala? Usinifiche.

Dada yako


25 Machi

Dada,

Kaa chini. Kama umeshika shuka la mtu, liweke.

Mkate umekubali!

Najua ulisema nisioke. Lakini nilikuwa namwona Mama kila asubuhi akikaa na bakuli la uji, na mimi natoa trei za mikate kwa wageni. Harufu imejaa nyumba nzima, na yeye pua iko juu kama ya paka. Mtoto gani anavumilia hilo? Kwa hiyo nilirudi kwenye unga wako. Nimeulaza usiku kucha ukachacha kidogo, nikatia hamira, na siri moja ya jiko la Baba, ambayo siitoi, hata wewe. Tangu tarehe kumi mwezi huu Mama ana mkate wake mwenyewe, wa tefu, rangi ya kahawia, laini, umeumuka kama shavu la mtoto.

Kipande cha kwanza nilisimama mlangoni nikamtazama anavyokila. Alitafuna taratibu, akaniangalia muda mrefu. Nikasema, "Mama, udongo tena?" Akasema, "Hapana. Huu ni mkate." Basi! Nilirudi dukani kichwa kimevimba, nikampa mwalimu mstaafu mkate wa bure, akaniuliza kama nina homa.

Sasa anakula asubuhi na jioni. Mchana napika ile ya kukaanga punje, na imenitoka vizuri, na supu ya dengu pia. Anapendeza. Amepungua kidogo, nguo zake zimekuwa kama za dada yake mkubwa, lakini si ndicho chakula chepesi chenyewe? Hata mimi nimeanza kuila. Kitambi changu kimeanza kuaga.

Mdogo wako, bingwa


10 Aprili

Mdogo wangu,

Hongera. Nakiri nilidhani utashindwa. Nimemsomea mtaalamu wa lishe barua yako wakati wa chai, amecheka mpaka akamwaga, na sasa anataka siri yako. Anasema wagonjwa wake wengi wanamlilia mkate, na wa tefu tupu unawashinda wote kuumua. Niandikie hatua kwa hatua. Ukitaka, nitasema umetoka kwa "mwokaji mashuhuri asiyependa kutajwa".

Ila kuna neno moja limenikaa kooni. Unasema Mama amepungua. Mtaalamu anasema kufikia sasa angekuwa anaongezeka. Mpime. Kuna mizani dukani kwako, msimamishe juu yake, uniandikie.

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Barua yako nimeibandika ukutani, karibu na picha ya Baba, mzee naye ajue mwanawe amefika hospitali bila kuumwa.

Kwa mtaalamu wako, basi, naitoa siri. Mwambie aandike kwa wino.

Unga wa tefu vikombe vitatu. Maji ya uvuguvugu vikombe viwili na nusu. Koroga, funika, uache mpaka kesho yake utoe povu. Tia hamira kijiko cha chai, chumvi kidogo, mafuta kijiko kimoja. Mpaka hapa kila mtu anaweza, na kila mtu atatoa tofali. Sasa ndipo fundi anapoingia: konzi moja ya ngano. Moja tu, ya mkono wangu, siyo wa mtoto. Unakumbuka Baba? Unga wowote ukimgomea, wa mtama, wa muhogo, alikuwa anatupa konzi ya ngano halafu anasema, "Haya, shikaneni." Hicho ndicho kinachoushikilia. Acha uumuke, oka.

Mama hajui. Najua ulisema aipumzishe ngano, lakini konzi moja katika mkate mzima si ngano, Dada, ni kama kumsalimia ngano kwa mbali.

Mizani nimemsimamisha. Amekataa kunionyesha, amezifunika namba kwa kanga, akasema mwanamke hapimwi kama gunia. Lakini nitakuwa mkweli, maana umeniomba. Amekuwa wa kwenda chooni mara kwa mara. Mgongo wake ukiushika unahesabu mifupa. Nilisema ni maji ya mwezi huu, yamekuwa na tope, nikaanza kumchemshia. Na nimemwongezea mkate. Sasa anakula mara tatu.

Mdogo wako, mwokaji mashuhuri asiyependa kutajwa (lakini ukimtaja si mbaya)


4 Mei

Acha.

Usimpe Mama hata kipande. Kilichopo tupa.

Ngano haimlalii. Inamla. Amepimwa hapa mwezi wa kwanza, utumbo wake umechakaa kwa ndani kwa sababu ya ngano, na daktari alisema hata makombo, hata vumbi lake kwenye mwiko. Dawa hakuna. Dawa ni kutokula. Mimi nilijua, na Mama alijua. Mama ndiye aliyenikataza kukwambia.

Barua hii nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi. Jumamosi nakuja kumchukua. Usimwambie nimeandika nini. Usioke chochote mpaka nifike. Oga.

Dada


19 Mei

Dada,

Wiki moja sasa tangu mwondoke. Nimeanza barua hii mara sita na kila mara inaanza na mzaha, kwa sababu mkono nao una mazoea yake. Nimezichana zote.

Uliingia Jumamosi ile umevaa glavu za hospitali. Ukamfungasha Mama kama unatoa mtu kwenye nyumba inayoungua. Nilikuletea maji, ukayatazama, ukayaacha mezani. Mama alitaka kunishika mkono pale kwenye basi, ukasema, "Mama, nguo zake." Nikarudi nyuma mwenyewe. Watu wa kituoni walidhani nina ukoma.

Siku hamsini na sita, Dada. Nimehesabu kwenye kalenda ya duka. Asubuhi na jioni, na wiki ya mwisho mara tatu, kwa sababu nilimwona anakonda nikamwongezea. Kila alipokonda nikamwongezea! Ungekuwa unatafuta mtu wa kumuua mzazi wako kwa bidii na kwa upendo, usingempata bora kuliko mimi.

Lakini na wewe nisikilize. Uliandika "inamlalia". Dada, chakula kinachomlalia mtu hata mimi ninacho, na maharage jioni bado nayala. Ungeandika neno moja. Ungeandika "sumu". Mimi naropoka, sawa, ninacheka na kila anayepita, sawa. Lakini je, kuna siku niliwahi kuambiwa jambo zito katika nyumba ile? Baba alipougua mlinituma kununua hamira.

Nataka kuja. Sitakaa, nitamwona tu nirudi. Niambie siku.

Mdogo wako


1 Juni

Mdogo wangu,

Usije sasa.

Amelazwa, wodi ya tatu, kitanda cha dirishani. Mashuka yake nayafua mwenyewe. Wamemkuta na uvimbe kwenye utumbo. Daktari anasema matumbo ya namna hii yakichoka sana, wakati mwingine yanafanya hivyo. Nilimuuliza waziwazi kama ni mkate wa ile miezi miwili. Hakusema ni mkate wako. Hakusema pia kwamba siyo.

Unauliza kwa nini sikuandika "sumu". Kwa sababu aliniomba, na mimi ni yule ambaye akiombwa anafanya. Miaka tisa namtumia dawa, viatu, miwani, na kila nikimuuliza habari ananieleza habari zako. Mdogo wako kasema hivi, mdogo wako kanichekesha vile. Sikutaka kuwa mtu aliyevunja mkate wake.

Wewe kila ulichonacho kina unga. Nywele zako, mfuko wa shati, karatasi hii uliyoniandikia ina alama ya vidole vyeupe. Subiri mpaka apate nguvu.

Dada


22 Juni

Dada, na Mama kama utamsomea,

Nimefunga duka kwa wiki mbili. Mwalimu mstaafu anasema anakula makombo ya kumbukumbu. Nimeosha nyumba, Mama, kuta zote mpaka dari, kwa sabuni, nikiwa nimesimama juu ya meza ya kukandia. Nimenunua sufuria mpya, mwiko mpya, kitambaa kipya. Chumba chako nimekipaka rangi. Ngano haiingii tena ndani ya nyumba, inaishia dukani, nimeweka mlango mwingine katikati. Fundi seremala aliniuliza, "Unamzuia mwizi?" Nikasema ndiyo.

Na napika tefu kila siku, tefu tupu. Jana nilipika na mchicha na nyanya, nikaweka limau mwishoni. Nilikula sahani nzima nikiwa nimesimama. Ni tamu, Mama. Ilikuwa tamu tangu mwanzo. Nilichotakiwa kufanya ni kuiacha iwe yenyewe, nisilazimishe iwe mkate.

Dada, nimeazima simu ya mwalimu mara nne. Unapokea wewe, unasema amelala. Mtu halali hivyo. Kama hataki kusikia sauti yangu niambie tu, mimi si mtoto. Lakini Mama anajua kuandika, ana mwandiko mzuri kuliko sisi sote, na hajaniandikia hata mstari. Namwelewa. Nisingejiandikia hata mimi.

Mwambie nguo nimefua mara tatu kwa maji ya moto. Mwambie nasubiri neno lake tu.

Mdogo wako


30 Agosti

Mdogo wangu,

Makaburini siku ile tulisimama mbali, na watu wakadhani ni huzuni. Ulivaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Niliona hukulifua kwanza, nikajua kwa nini: hukutaka liguse kitu chochote cha nyumbani kwako. Nilitaka kuja nikwambie linatosha. Sikuja.

Nilikuwa na hii mfukoni. Ilikuwa mfukoni mwangu wakati udongo unaingia.

Mama alinipa niiweke posta tarehe kumi na mbili Julai. Nilifungua nikasoma. Nilipomaliza kusoma sikuiweka posta. Kesho yake pia sikuiweka. Baada ya wiki ikawa ni kitu ambacho siwezi tena kukiweka, kwa sababu ungeona tarehe.

Nisome kwanza, halafu unifikirie unavyotaka. Nilikuwa nimemwosha, nimemgeuza, nimemlisha kijiko kwa kijiko uji wa tefu nilioupika kila siku kwa mkono wangu, bila kosa hata moja. Na yeye akaomba kalamu akuandikie wewe. Nilisoma nikaona sina changu pale. Ndicho kilichotokea, hakuna kingine. Sitakuomba msamaha kwa karatasi.

Barua yake hii hapa.

Dada


12 Julai

Mwanangu,

Mwandiko wangu umepinda, usinicheke.

Dada yako anasema unajilaumu. Acha. Ile siku ya kwanza, ulipokuwa umesimama mlangoni unanitazama, nilijua. Kinywa hiki kimekula ngano miaka sitini, utakidanganya kwa konzi? Nilijua kabla sijameza. Nikakutazama nikafikiria niseme au nisiseme, nikameza.

Na usijidanganye kwamba nilikula kwa ajili yako. Baba yenu alikuwa na tabia hiyo, kila kitu nilichofanya alidhani ni kwa ajili yake. Nilikula kwa sababu ulikuwa mtamu. Miezi miwili ya uji, mwanangu, halafu mtu anakuletea mkate wa moto. Nilikuwa nakuomba cha pili kabla hujaniuliza. Kosa langu lilikuwa kumfunga dada yako mdomo, na wangu nikauacha wazi.

Sasa sikiliza. Daktari amekuja juzi, amekaa kitandani, na mimi nikimwona daktari amekaa najua. Amesema nile ninachotaka, haidhuru tena. Nimemuuliza, hata mkate? Akasema hata mkate.

Kwa hiyo njoo. Njoo na nguo zako za kazi, usifue kitu. Uje na mkate mmoja wa kweli, wa ngano tupu, wa chini ya tanuri, ule ambao ganda lake linalia ukilibonyeza. Dada yako nitamweleza mwenyewe. Yeye amenitunza vizuri mno, ananitazama kila ninachokula kama askari, naye ndiye anayeumia. Ukija tutamkatia kipande na yeye, akae tule wote watatu.

Kitanda changu kinatazama mlango. Usichelewe, unajua ulivyo.

Mama


9 Septemba

Dada,

Nimeisoma. Nimeisoma nikiwa nimesimama dukani, foleni mbele yangu, nikawaambia wateja samahani leo hakuna mkate, na ulikuwa umejaa nyuma yangu kwenye rafu. Hakuna aliyeuliza. Ndipo nilipojua uso wangu ulikuwaje.

Kutoka tarehe kumi na mbili mpaka alipofariki ni siku kumi na tisa. Basi linachukua siku moja. Tuseme posta mbovu, siku nne. Tuseme mimi mzembe, siku nyingine, nisafishe viatu. Bado zinabaki siku kumi na tatu ambazo ningekaa pale nikimchekesha.

Umesema hutaomba msamaha kwa karatasi, na umefanya vizuri, maana sijui ningeujibu vipi. Mimi niliyemlisha kilichokatazwa, nani amenipa kiti cha hakimu? Mimi nilimpa asichotakiwa bila kujua. Wewe ulimnyima alichoruhusiwa huku unajua. Mizani ninayo hapa mezani, kazi yangu ni kupima, na nimeona afadhali nisiweke mambo haya juu yake. Kwa sababu naogopa ya kwangu bado ndiyo nzito.

Kwa hiyo sikulaumu, wala sikusamehe. Kama ni kugombana tungegombana tukiwa watu watatu, tukasuluhishwa. Sasa tumebaki wawili na hatuna wa kutuambia nyamazeni.

Nina swali moja tu. Jibu, au usijibu. Mama alikuwa mtu wa kuuliza. Kitanda kinatazama mlango. Lazima alikuuliza. Siku hizo kumi na tisa, alipouliza mbona siji, ulimwambia nini?

Mdogo wako


20 Septemba

Mdogo wangu,

Nilimwambia barua umeipata, hukujibu.

Akasema, "Atakuwa na oda nyingi."

Dada